Karatasi moja ya kitabu cha sala cha karne ya 15: nitamjuaje mwenyewe, na nitamjuaje aliyeipamba?

MkutubiMgeni

Habari zenu wanajamvi. Mimi ni mkutubi msaidizi katika chuo kidogo huku Marekani, na kazi niliyopewa mwezi huu imenizidi kimo, ndiyo maana naileta kwenu. Mjane wa mwalimu mmoja mstaafu ameipa maktaba yetu fremu yenye karatasi moja ya ngozi iliyoandikwa kwa mkono, ambayo ilitundikwa ukumbini kwao kwa miaka mingi. Mkuu wangu ameniagiza niiandikie maelezo kwa ajili ya orodha ya maktaba: ilitoka katika kitabu cha namna gani, nani alikuwa nacho, na nani alikipamba. Nyuma ya fremu imebandikwa karatasi ya kaki isiyo na jina la duka wala la fundi, na mama mwenyewe hakumbuki marehemu aliinunua wapi.

Naomba niieleze kama ninavyoiona kupitia kioo. Sehemu inayoonekana ina urefu wa kama sentimita 17 na upana wa sentimita 12. Maandishi ni ya Kifaransa cha zamani, jambo lililonishangaza, kwa kuwa nilidhani vitabu vya sala vya Zama za Kati vyote viliandikwa kwa Kilatini. Juu kabisa zimo herufi KL, kubwa, za dhahabu, na mbele yake mstari unaosema kwamba Januari ina siku 31. Chini yake ipo mistari 16, kila mmoja na jina la mtakatifu, mmoja kwa wino mwekundu na unaofuata kwa buluu, isipokuwa machache yaliyoandikwa kwa dhahabu. Upande wa kushoto zipo safu mbili nyembamba, ya kwanza ya tarakimu za Kirumi zinazorukaruka bila mpangilio ninaouelewa, ya pili ya herufi kuanzia A hadi g. Pambizo lote limejaa vikonyo vya mmea vilivyochorwa kwa wino mwembamba, vyenye vijani vidogo vya dhahabu ambavyo humetameta kila ninapoiinamisha fremu. Chini, katika kijisanduku kisichozidi upana wa vidole viwili, ameketi mtu mezani, moto uko mgongoni kwake, mkate mbele yake, naye anakula kama mtu asiye na haraka.

Kinachoninyima usingizi ni kitu kingine. Katika pambizo la kulia, mkabala na siku ya 11, mtu ameandika kwa wino wa kahawia uliofifia, kwa mwandiko wa haraka usiofanana na ule wa kalenda. Nimesaidiwa kuusoma: anasema siku hii alizaliwa binti yangu, mwaka 1541, kisha inafuata herufi moja, na hapo maneno yanafika ukingoni na kukatika. Nadhani fundi wa majalada alipoipunguza ngozi alilikata jina pamoja nayo.

Kwetu pwani nimezoea misahafu na vitabu vya dini vya wakfu, ambavyo aliyevitoa huandika mwanzoni kwamba ni wakfu kwa msikiti fulani, haviuzwi wala havirithiwi, na shughuli imekwisha. Humu sioni tamko la namna hiyo. Je, kalenda peke yake yaweza kunipeleka kwa mwenye kitabu? Na huyu mla mkate ana mchoraji anayejulikana?

MseminariWaZamani

Ndugu mkutubi, pole na hongera kwa pamoja. Kilatini nilikisoma seminari ndogo kwa hofu ya fimbo, na sikutegemea kwamba uzeeni kingenifaa kitu, kwa hiyo nashukuru umeuliza.

Ulichonacho ni karatasi ya kalenda ya Kitabu cha Vipindi, yaani kitabu cha sala cha walei, kilichofuata kwa ufupi mfano wa sala za vipindi wanazosali mapadre na watawa. Katika vitabu vyote vya Zama za Kati vilivyobaki Ulaya, hivi ndivyo vingi kuliko aina nyingine yoyote, kwa sababu kila familia iliyojiweza ilitaka kuwa nacho. Kalenda ndiyo iliyotangulia, kisha masomo ya Injili, Vipindi vya Bikira Maria, Zaburi za Toba, Litania ya Watakatifu na Sala kwa ajili ya Marehemu. Sala zenyewe ni za Kilatini; kalenda ndiyo iliyoandikwa mara nyingi kwa Kifaransa, hasa katika vitabu vya Paris. Zile tarakimu zinazorukaruka ni za kutafutia mwezi mwandamo katika mzunguko wa miaka 19, na herufi A hadi g ni za kutafutia Jumapili. Hazitakusaidia kumpata mwenyewe, kwa hiyo ziache.

Tazama dhahabu. Katika siku ya 3, je, jina ni la Mtakatifu Genovefa, nalo limeandikwa kwa dhahabu? Kama ndivyo, kalenda yako inafuata desturi ya Paris, ambako yeye ndiye msimamizi wa mji. Mahali pengine angeandikwa kwa wino wa kawaida au asingekuwemo kabisa. Kwa njia hiyohiyo, kalenda ya Rouen hutambulikana kwa Mtakatifu Romanus, tarehe 23 Oktoba, na ya Bruges kwa Donatianus, tarehe 14 Oktoba. Lakini usikimbie na jibu. Kalenda za Paris zilikuwa na tabia ya kuijaza kila siku jina la mtakatifu, hata wale wasioadhimishwa sana, na karakana za mji ule ziliandaa vitabu kabla mnunuzi hajapatikana. Kalenda inakuambia soko lililokusudiwa. Haikuambii aliyefungua mfuko.

Kama kitabu kizima kingekuwepo ningekupa kipimo kizuri zaidi. Katika Vipindi vya Bikira Maria, antifona, yaani kiitikio cha zaburi, ya kipindi cha asubuhi kiitwacho Prima hutofautiana kutoka mahali hadi mahali: kwa desturi ya Roma ni *Assumpta est Maria*, kwa desturi ya Paris ni *Benedicta tu*. Ipo pia sala ndefu ya *Obsecro te*, ambamo mwenye kusali hujitaja kuwa mtumishi. Akiandikiwa umbo la kike, *famulae tuae*, basi yaelekea kitabu kilitengenezwa kwa ajili ya mwanamke. Umbo la kiume halithibitishi kitu, kwa sababu waandishi waliliweka kwa mazoea tu.

Ila hayo maneno ya pambizoni ndiyo mali. Wazee wetu huandika tarehe za kuzaliwa watoto ndani ya jalada la Biblia; hawa waliandika kwenye kalenda, mkabala na siku yenyewe, hata wafalme. Katika maktaba ya Lambeth Palace, London, kimo Kitabu cha Vipindi ambacho Richard III wa Uingereza aliandika kwa mkono wake, tarehe 2 Oktoba, kwamba siku hiyo alizaliwa Fotheringhay mwaka 1452. Aliuawa vitani Bosworth mwaka 1485, na kitabu kikaangukia mikononi mwa Margaret Beaufort, mama wa Henry VII, yaani mama wa aliyemshinda. Naye akaandika mwishoni akiomba aombewe. Maandishi mawili hayo yanatueleza safari ya kitabu kuliko picha zake zote.

Hata kilichofutwa hueleza. Mwaka 1538 Henry VIII aliamuru jina la Mtakatifu Thomas Becket liondolewe vitabuni, kwa hiyo ukikuta kalenda iliyokwanguliwa tarehe 29 Desemba, siku ya sikukuu yake, unajua kitabu hicho kilikuwa Uingereza siku hizo, na kwamba mwenyewe aliogopa, au angalau alitaka aonekane ameogopa.

FundiNgozi

Wanajamvi salaam. Mimi nafanya kazi ya kuhifadhi nyaraka na vitabu vya kale huku Ujerumani, na ningependa kuanza kwa kumpinga kidogo muuliza swali, kwa heshima. Unasema fundi wa majalada amekata jina. Umejuaje? Unachokiona ni ukingo wa ngozi, au ni ukingo wa kadibodi inayoizunguka ngozi ndani ya fremu? Mafundi wa fremu hupenda kufunika pambizo ili picha ikae katikati vizuri, na mara nyingi wanafunika kile hasa tunachokitafuta. Tafadhali usiifungue mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Ngozi hunywa unyevu wa hewa, hujikunja, na rangi iliyokaa juu yake kwa miaka 600 huweza kubanduka kama magamba. Mtafute mhifadhi wa jumba la makumbusho la karibu.

Kuhusu nakshi. Vikonyo vya wino vyenye vijani vya dhahabu ni mtindo uliokuwa ukitawala Paris mwishoni mwa karne ya 14 na mwanzoni mwa ile ya 15. Baadaye yakaingia majani makubwa ya akanthasi, ya buluu na dhahabu, yakichanganywa na maua na matunda. Na kuanzia miaka ya 1470 mafundi wa Ghent na Bruges wakaanza kuchora maua na wadudu wenye vivuli vyao, utadhani vimedondoka juu ya karatasi na ukivipuliza vitaruka. Ikiwa kwako hakuna akanthasi hata moja, nusu ya kwanza ya karne ya 15 ni makisio ya haki.

Jina la mchoraji ni habari nyingine. Wengi hawakutia saini, kwa hiyo wataalamu huwapa majina kutokana na kazi yao iliyo maarufu. Yupo kwa mfano anayeitwa Bingwa wa Bedford, kwa sababu ya kitabu kilicho sasa British Library, London, ambacho Anne, mke wa John wa Bedford, alimpa mfalme Henry VI wa Uingereza katika mkesha wa Krismasi mwaka 1430. Mfalme alikuwa na umri wa miaka tisa, na John alikuwa baba yake mdogo. Tunaijua siku yenyewe kwa sababu John Somerset, tabibu wa mfalme, aliiandika humohumo kitabuni. Ona ajabu hiyo: tarehe, mtoaji, mpokeaji na shahidi tunao, lakini mchoraji mkuu hana jina isipokuwa la bwana wake. Na vijipicha vya kalenda mara nyingi waliachiwa wasaidizi. Atakayekuambia kwa kumtazama mla mkate mmoja kwamba huyu ni kazi ya fulani, muulize kwanza anauza nini.

Jambo la kuhakikisha ni kwamba picha ina umri mmoja na maandishi. Wapo wauzaji walioongeza picha katika karatasi za kweli ili bei ipande. Mashuhuri ni yule tunayemwita Mghushi wa Kihispania, ambaye kwa kweli inaelekea alifanya kazi zake Paris kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Alichukua karatasi za kale, akakwangua maandishi, akachora mabibi wenye vifua wazi na nyuso za utamu uliopitiliza. Belle da Costa Greene, mkuu wa Morgan Library ya New York, ndiye aliyemfichua mwaka 1930. Baadaye vipimo vya rangi vikaonyesha kijani chenye shaba na aseniki, ambacho hakikuwepo duniani kabla ya karne ya 19.

Kwa kioo cha kukuzia unaweza kujipimia mwenyewe. Utaratibu wa karakana ulikuwa hivi: mwandishi alimaliza kwanza, kisha ikabandikwa dhahabu juu ya plasta nyembamba na kusuguliwa, mara nyingi kwa jino la mbwa, hadi ing'ae, rangi zilifuata, na mistari ya kalamu ya kuchora nyuso na mikunjo ya nguo ikawa ya mwisho. Dhahabu ilitangulia kwa sababu inanasa popote, nawe ukiipaka baada ya rangi utaharibu kazi. Kwa hiyo tazama ukingo wa kijisanduku: vikonyo vya pambizoni vinasimama vinapokifikia, au vinaendelea chini ya rangi? Vikiendelea chini, picha ilikuja baadaye. Buluu nayo yafaa kupimwa. Iliyo bora ilisagwa kutoka jiwe la lapisi lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan. Buluu ya Prussia, kwa upande wake, ni ya karne ya 18, na lapisi ya kutengenezwa kiwandani ilianza mwaka 1828.

Naomba niseme pembeni kidogo, kwa kuwa wengi hudhani wachoraji wote walikuwa wanaume. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba wamekuta chembe za lapisi katika utando wa meno ya mwanamke aliyezikwa penye monasteri ya Dalheim, huku Ujerumani, yapata miaka 900 iliyopita. Maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba alikuwa akiichonga ncha ya brashi kwa midomo. Jina lake halimo katika kitabu chochote, kazi yake imebaki kinywani.

MzeeWaMnada

Wenzangu mmeitazama karatasi hii kwa macho ya karne ya 15. Mimi nimeuza vitabu vya kale London kwa miaka zaidi ya 20, na nitakuuliza kuhusu penseli.

Kila karatasi ya namna hii iliyopita mikononi mwa wafanyabiashara ina alama zao: namba ya mnada, namba ya akiba ya duka, bei iliyofichwa kwa herufi za siri ambazo mwenye duka peke yake na karani wake walizijua. Hukaa nyuma, chini, pembeni, mahali ambapo mnunuzi hatazami. Sir Thomas Phillipps, Mwingereza aliyefariki mwaka 1872, alikusanya miswada inayokadiriwa kufikia 60,000, akaipa namba. Mauzo ya mali yake yaliendelea kwa zaidi ya miaka mia baada ya kifo chake, na hadi leo ukiona namba ya Phillipps kwenye mgongo wa kitabu umekwisha kupata nusu ya historia yake. Ndiyo maana roho huniuma nikikumbuka karatasi niliyowahi kuinunua kwa mwenzangu mmoja katika biashara, aliyenieleza kwa fahari kwamba ameifuta penseli yote kwa raba ili ipendeze. Alifuta hati ya kuzaliwa ya kitu kile kwa raba ya senti chache.

Watu wa zamani walikuwa na akili kutuzidi. Katika katalogi ya chuo cha Sorbonne ya mwaka 1338, kila kitabu kiliandikiwa maneno yanayoanzia karatasi yake ya pili. Kwa nini ya pili? Kwa sababu nakala zote za kitabu kimoja huanza kwa maneno yaleyale, lakini kila mwandishi ana upana wake wa herufi, na ikifika karatasi ya pili kila nakala huanzia mahali pake. Basi hata jalada likibadilishwa na jina la mwenyewe likafutwa, maneno hayo mawili matatu yanatosha kukitambua kitabu kilekile baada ya miaka 600.

Orodha za mali za watawala husaidia vilevile. Kile kitabu maarufu cha Jean, Duki wa Berry, kilicho sasa katika kasri la Chantilly, kilinunuliwa na Duki wa Aumale mwaka 1856 kutoka Genoa, na jalada lake lilikuwa na nembo za koo mbili za huko, Spinola na Serra. Nembo hizo zilionyesha wenyewe wa karibuni tu. Léopold Delisle, msomi wa miswada, ndiye aliyekihusisha na wachoraji ndugu wa Limbourg, alipokioanisha na orodha ya mali ya Duki iliyoandikwa alipofariki mwaka 1416, ambamo yametajwa mafungu ya kurasa yaliyowekwa sandukuni, ya kitabu cha vipindi cha fahari sana ambacho Pol na nduguze walikuwa wakikitengeneza. Wachoraji nao walifariki mwaka huohuo, kazi ikiwa haijakamilika, na ni kule kutokamilika kulikokitambulisha.

Sasa nije kwako. Karatasi yako haikuanguka yenyewe kutoka kitabuni, mtu aliichomoa. Karne ya 19 watu waheshimiwa walifanya hivyo bila haya: John Ruskin, bingwa wa kusifia sanaa ya Zama za Kati, aliandika katika shajara yake ya Januari 1854 kwamba jioni ile alikata misale, yaani kitabu cha misa, na kwamba ilikuwa kazi ngumu. Huko Marekani mwenye sifa hiyo ni Otto Ege wa Cleveland, aliyefariki mwaka 1951. Alivunja vitabu vingi akauza karatasi mojamoja, na alijitetea waziwazi kwamba hivyo hata mtu wa kipato kidogo angemiliki kipande. Hoja hiyo siikubali, ingawa lazima nikiri kwamba nimewahi kula mkate wangu kutokana na karatasi za namna hiyo.

Misale ya Beauvais ndiyo funzo. Iliuzwa London mwaka 1926 ikiwa nzima, karatasi 309, ikawa mali ya William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti wa Marekani, na mwaka 1942 ikauzwa tena na kuvunjwa. Ege alikuwa mmoja wa waliozitawanya karatasi zake. Ndugu mkutubi, ulitaja wakfu: katalogi ya 1926 ilinakili maandishi yaliyosema kwamba Robert de Hangest, kanoni, yaani padre wa kanisa kuu la Beauvais, Ufaransa, aliitoa misale hiyo kwa kanisa lake ili aadhimishiwe misa kila mwaka siku ya kufariki kwake. Ni wakfu kama wenu, tofauti ni kwamba huu uliuzwa. Bila katalogi hiyo tusingejua ni ya Beauvais. Mtafiti wa miswada Dkt. Lisa Fagin Davis amekwisha kuzipata karatasi zaidi ya 100 katika maktaba na nyumba za watu, na mwaka 2022 kijana mmoja wa jimbo la Maine aliiokota moja katika mauzo ya vitu vya nyumbani kwa dola 75.

Kwa hiyo fanya hivi. Hesabu mistari, pima eneo la maandishi bila pambizo, kisha tafuta katika hifadhidata ya Schoenberg ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambayo imekusanya taarifa za katalogi za minada kwa wingi mkubwa, na katika Fragmentarium ya Fribourg, Uswisi, ambako maktaba hupakia picha za karatasi zilizotawanyika. Usitafute kwa kumfuata mla mkate, maana kila Januari ya Paris ina mla mkate wake. Tafuta kwa yale maneno ya binti aliyezaliwa, kwa sababu hayo yako katika kitabu kimoja tu duniani.

MkutubiMgeni

Wanajamvi, nimerudi baada ya wiki mbili, na naomba radhi kwa FundiNgozi kwa kumtilia shaka moyoni. Mhifadhi wa jumba la makumbusho la mji jirani aliifungua fremu mbele yangu kwa subira ya mtoa mwiba. Ngozi haikukatwa mahali pale. Kadibodi ilikuwa imefunika zaidi ya sentimita moja kila upande, na mwisho wa yale maneno ulikuwa chini yake, umehifadhika kuliko mwanzo wake kwa sababu haukupigwa na mwanga. Yanasema: huko Troyes (mji wa Ufaransa), kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Jina la ukoo halipo, la binti halipo, la baba halipo. Alijua mwenyewe anaandikia nani.

Siku ya 3 ni Genovefa, naye yuko kwa dhahabu, kama alivyotabiri Mseminari. Vikonyo vinasimama vizuri ukingoni mwa kijisanduku na havipiti chini ya rangi. Mhifadhi anaridhika kwamba picha na nakshi ni za wakati mmoja, na akanthasi haimo hata moja. Upande wa nyuma, ambao hakuna aliyeuona tangu fremu ifungwe, una siku ya 17 hadi ya 31, na badala ya mla mkate yumo kijana anayemimina maji kutoka mtungini, ambaye ni nyota ya Ndoo. Rangi zake ni mbichi kabisa. Buluu ya vazi lake ukiiona utasema imepakwa jana.

Kuhusu penseli, MzeeWaMnada, naona huyo mwenzako ana ndugu. Chini ya ukurasa wa nyuma palisuguliwa kwa raba. Taa ya urujuanimno haikutoa kitu, lakini mhifadhi alipoilaza taa ya kawaida pembeni, mwanga ukipita sambamba na ngozi, tuliona mifereji iliyoachwa na ncha ya penseli. Tulisoma 4, kisha kitu kama 7, na zaidi ya hapo ni kubahatisha. Juu, kwenye kona ya kulia ya ukurasa wa mbele, ipo tarakimu 3 ya penseli iliyosalimika kwa kufichwa na kadibodi. Hii ndiyo inayonitatiza. Kama kalenda ndiyo mwanzo wa kitabu, na Januari ndiyo mwanzo wa kalenda, kwa nini karatasi hii iwe ya tatu?

MzeeWaMnada

Kwa sababu zilikuwepo mbili mbele yake. Karatasi mbili tupu za ngozi za kukinga mwanzo wa kitabu, ambazo aliyezihesabu kwa penseli alizihesabu pamoja na nyingine. Na penye karatasi tupu mwanzoni mwa kitabu cha familia ndipo watu huandika majina, ndoa, vifo, na nembo ya ukoo kama wanayo. Anayevunja kitabu kwa ajili ya fremu hana haja nazo, kwa kuwa hazina dhahabu. Ama zilibaki na jalada, ama zilitupwa.

Usikate tamaa lakini. Kama kitabu kiliwahi kuuzwa kikiwa kizima, aliyekiandikia katalogi hangeacha kutaja familia ya Troyes ya karne ya 16 iliyoandika uzazi wa watoto wake, maana hilo lilikuwa likiongeza bei. Tafuta Kitabu cha Vipindi, Paris, chenye maandishi ya familia ya Troyes, na mwaka 1541. Na hiyo kadibodi usiitupe. Mafundi wa fremu nao wana penseli.

MseminariWaZamani

Naongeza neno moja. Ukiipata siku moja karatasi ya Julai ya kitabu hichohicho, tazama tarehe 29. Ni sikukuu ya Mtakatifu Lupus, askofu wa Troyes. Kama kuna mkono uliomwekea alama pale kwa wino wa kahawia, utakuwa mkono wa familia yako. Katika orodha ya maktaba, kwa sasa, ningeandika hivi: kalenda ya desturi ya Paris, nusu ya kwanza ya karne ya 15, mwaka 1541 kitabu kilikuwa cha familia isiyojulikana jina, Troyes. Usiongeze neno.

MkutubiMgeni

Nimeandika hivyohivyo. Kadibodi ilikwisha kutupwa. Nimeifuata kwenye pipa la karatasi za kurejelezwa leo asubuhi kabla gari halijapita. Nyuma yake pana penseli ambayo hakuna aliyeifuta: tarakimu nne, alama ya mkwaju (/), na herufi mbili. Ya kwanza ni 4 na ya pili ni 7. Napakia picha sasa hivi.